Umaridadi na Mfuko: Mavazi ya Matembezi ya Kiangazi Gungu

Wapo wanaodhani kwamba umaridadi ni mali ya wenye fedha, na kwamba asiyekuwa nazo hana budi kuridhika na kusitiri mwili tu. Dhana hii ni potofu, na mahali pazuri pa kuipima ni Gungu, katika Manispaa ya Kigoma/Ujiji, wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Mvua zikiisha na njia zikikauka, harusi huandamana, na jioni za Jumapili vijana huteremka ziwani kupunga upepo na kuonana. Matembezi hayo hayana kiingilio, lakini yana watazamaji, na kila mmoja hutaka aonekane nadhifu.

Tangu zamani nguo katika mwambao huu imekuwa zaidi ya kitambaa. Burton alipofika Ujiji mwaka 1858, misafara ilikuwa ikileta merekani, kitambaa kilichofumwa Marekani, na kaniki kutoka Uhindi. Nguo na shanga zilinunulia vitu kama fedha. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Baadaye vilikuja vitenge vinavyovuka ziwa, na tangu milango ya biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikaenea. Kwa hiyo karibu kila kitambaa hapa ni cha kuja. Kilicho chetu ni namna ya kuchagua, kukata na kuvaa. Na hiyo ndiyo sanaa inayostahili kuhakikiwa.

Msanii wa kwanza ni fundi cherehani wa barazani. Fundi mwenye jicho hutazama mwili kabla ya kitambaa. Kitenge chenye ua kubwa hukikata hivi kwamba ua likae zima kifuani au mgongoni; fundi wa haraka hulipasua katikati, na gauni la bei kubwa likaonekana kama kiraka. Suruali ya mtumba iliyo pana hufumuliwa na kupunguzwa kiunoni, ikawa kama imeshonewa mwenyewe. Mabaki ya vitenge viwili huunganishwa yakatoa blauzi isiyo na mfano mtaani. Katika yote haya gharama iliyo kubwa ni fikira. Mwenye nguo tatu zinazomkaa na kupatana rangi, akazifua na kuzipiga pasi, humshinda mwenye kumi alizozinunua kwa kuiga.

Kinyume cha sanaa hii ni mtindo wa sare za harusi. Hatukatai kwamba sare huonyesha umoja wa ukoo na majirani. Lakini mwanamke aliyealikwa harusi tatu katika kiangazi kimoja hulazimika kununua vitenge vitatu na kulipa ushonaji mara tatu, na asiyeweza hukopa au hujificha nyumbani. Umoja unaomfungia jirani mlango umepoteza maana yake. Tena sare humwondolea mvaaji uchaguzi, ambao ndio roho ya umaridadi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Nguo ya deni nayo haina tofauti kubwa. Ingetosha wenye harusi wakubaliane rangi, kila mtu atafute kwake alichonacho.

Wala dawa si amri. Operesheni Vijana, iliyotangazwa mwaka 1968 na kuanza Januari 1969, ilipiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia kwa jina la utamaduni wa taifa. Miaka hiyohiyo Wamasai walishurutishwa kuacha lubega na kuvaa suruali. Mmoja aliambiwa ni wa kigeni mno, mwingine wa kienyeji mno, mizani haikuonekana. Ladha haizaliwi kwa kuogopa. Huzaliwa kwa kutazama, kulinganisha na kusahihishana.

Yafaa basi shule zifundishe ushonaji kwa wavulana na wasichana, na wazee wawafunze vijana kukitazama kitambaa kabla ya kuuliza bei. Kijana wa Gungu ajuaye kufumua mshono na kuurudisha atakwenda ziwani kiangazi chote akiwa maridadi, na atarudi nyumbani bila kudaiwa na mtu.