Hesabu za Simba wa Serengeti

Mwaka 1994 virusi vya distempa, maradhi yanayojulikana zaidi kwa mbwa, viliwavamia simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi yao. Likabaki swali: simba waliambukizana wenyewe kwa wenyewe, au kuna wanyama wengine waliokuwa wakiwaletea ugonjwa tena na tena?

Mtafiti Meggan Craft na wenzake walilijibu kwa hesabu katika kazi waliyoichapisha mwaka 2009, na ujenzi wa hesabu hiyo unastahili kutazamwa bila haraka. Njia rahisi ya kukadiria maambukizi ni kudhani kwamba kila mnyama hukutana na yeyote. Simba hawaishi hivyo. Wana makundi yenye maeneo yao; majirani hukutana mipakani, na wazururaji wasio na kundi hupita katikati. Kila aina ya mkutano ilibidi ipewe uzito wake, nao haukubuniwa mezani. Ulitoka kwenye kumbukumbu za utafiti wa simba ulioanza mwaka 1966, kazi ya watu waliokaa porini miaka nenda rudi wakiandika nani yuko na nani, na wapi.

Ndipo ugonjwa ukaachiwa ndani ya kompyuta. Kila maambukizi yaliamuliwa kwa bahati, kama yalivyo porini, na zoezi likarudiwa mara nyingi. Ikaonekana kwamba simba peke yao hukutana vya kutosha kusambaza ugonjwa wa namna hii. Mwenye pupa angeishia hapo. Wao walirudi kwenye takwimu chache za mwaka 1994 na kuzipima pia: uchache huo ungeweza kuwapotosha vipi? Walipokwisha kuzichuja, walihitimisha kwamba mlipuko ule ulichochewa na wanyama wengine, kama fisi na bweha, walioupenyeza ugonjwa kwa simba zaidi ya mara moja.

Hapo ndipo ninapouheshimu ufundi huu. Hesabu ilijengwa juu ya maisha ya simba, lakini ndiyo iliyomfichua fisi.

Faida yake si ya vitabuni tu. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa damu ya mbwa na simba ulionyesha kuwa chanjo ilipunguza maambukizi kwa mbwa wa vijijini, ila simba waliendelea kuambukizwa. Anayetaka kuwakinga simba, basi, hawezi kuwatazama mbwa peke yao. Chanjo ni ghali na mbuga ni pana. Bila hesabu iliyojengwa kwa uangalifu, tungepeleka chanjo pasipo na chanzo.