Uwazi na Ubayana

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayowasumbua wafasiri wetu ni "transparency". Asili yake ni Kilatini, nalo hutaja hali ya kitu kupitisha nuru hata kilicho upande wa pili kikaonekana, kama kioo. Kwa maana hiyo istilahi uangavu yatosha. Lakini neno hilo limehamia katika utawala, na huko ndiko utata unakoanzia.

Tangu Rais Benjamin Mkapa aliposhika madaraka mwaka 1995 kwa wito wa ukweli na uwazi, neno uwazi limeota mizizi serikalini. Hatuna ugomvi na uteuzi huo. Maana yake humfikia mwananchi mara moja: mlango u wazi, kikao ni cha wazi, hapana kinachofichwa. Tunalolipinga ni kulitwika pia mzigo wa "clarity", yaani sifa ya maelezo kueleweka.

Tuchukue mfano wa tangazo la mapato na matumizi lililobandikwa penye ofisi ya kata, tuseme Lizaboni, katika Manispaa ya Songea. Mkazi asoma masurufu, bakaa na mafungu yenye tarakimu tupu, kisha aondoka asijue kama fedha zimebaki au zimekwisha. Hakufichwa kitu, wala hakuelezwa kitu. Mtumishi akidai kuwa ametimiza uwazi, asema kweli; nasi tukikosa neno la pili, hatuna la kumjibu.

Neno hilo tunalo, nalo ni ubayana. Lina undugu na kitenzi bainisha, na kitenzi hicho chadai mtenda: mwandishi ndiye mwenye wajibu wa kubainisha. Udhahiri twauacha kwa jambo linalojionyesha lenyewe.

Tofauti hii si ya kamusi tu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ilimpa raia haki ya kuomba taarifa, na marekebisho ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Raia akipewa waraka wa Kiswahili asichokielewa, amefunguliwa mlango wa chumba chenye giza.

Kwa hiyo twapendekeza uangavu kwa kioo na maji, uwazi kwa kutoficha, na ubayana kwa kueleweka. Mfasiri akutanapo na neno la Kiingereza, ajiulize kwanza ni lipi kati ya hayo matatu linalokusudiwa.