Mkazo katika Kifaransa: Ni wa Neno au wa Fungu la Maneno?

Maelezo ya Kifaransa yaandikwayo kwa Kiswahili hurudia mara kwa mara kanuni hii: mkazo huwa juu ya silabi ya mwisho ya neno. Kanuni hii ni fupi na hukaririka kwa urahisi. Lakini, kwa maoni yetu, ina kosa ambalo chanzo chake ni istilahi.

Katika Kiswahili mkazo ni mali ya neno. Tutamkapo nyumba, mkazo uko juu ya nyu. Tutamkapo nyumbani, wahamia mba, wala hautoki nje ya neno. Aidha, mkazo waweza kutenganisha maana: barabara ikikazwa silabi ya pili kutoka mwisho ni njia, ikikazwa ya tatu kutoka mwisho, maana yake ni sawasawa.

Kifaransa hakina mwenendo huo. Katika une maison (nyumba), mkazo uko juu ya son. Katika une maison blanche (nyumba nyeupe), son hupoteza mkazo, nao huangukia blanche. Basi, tukiuacha ule wa kusisitiza, mkazo wa Kifaransa ni wa fungu la maneno yatamkwayo pamoja. Mwanafunzi aliyefundishwa kanuni ya neno hukaza kila neno, na usemi wake huwa wa kukatakata.

Silabi nazo zina utata. Arriver (kufika) hugawanywa ar-ri-ver katika maandishi, bali sikio husikia a-ri-ve. Blanche ina silabi mbili kimaandishi; katika matamshi ya kawaida ina moja, kwa kuwa e ya mwisho haisikiki. Tena katika les amis (marafiki), s ya neno la kwanza hutamkwa z na kuanzisha silabi pamoja na neno la pili: le-za-mi. Hivyo mpiga chapa akataye neno mwishoni mwa mstari na mwalimu wa matamshi hawafuati mgawanyo mmoja, ingawa wote wawili husema "silabi".

Hapana haja ya kubuni maneno mapya. Twapendekeza kwamba mkazo wa neno utofautishwe na mkazo wa fungu, na silabi za maandishi na silabi za matamshi. Huenda wengine wakaziona istilahi hizi kuwa ndefu. Lakini kwa sasa mwanafunzi aifuataye kanuni kwa uaminifu ndiye akosaye, na kosa hilo si lake. Ni letu sisi tuliompa istilahi pungufu.