Deutschstunde: Mpaka Umekwenda Wapi?

Msomaji mwenzangu, wengi wanaokisifu kitabu cha Siegfried Lenz, Deutschstunde, yaani Somo la Kijerumani, wanakisifu kwa ajili ya yule baba. Hata mimi namsifu mtunzi hapo. Jens Ole Jepsen ni polisi wa Rugbüll, kaskazini kabisa mwa Ujerumani, kwenye upepo na matope. Mwaka 1943 analetewa amri kwamba mchoraji Nansen asichore tena. Nansen huyo wamekua pamoja, tena aliwahi kumwokoa asife maji. Polisi anapanda baiskeli yake, anakwenda kuilinda amri. Vita vinakwisha, amri imekufa, yeye bado anaziandama picha! Mwanawe Siggi, aliyefungwa katika jela ya vijana, anaandikishwa insha kuhusu furaha ya kutimiza wajibu, na insha hiyo ndiyo riwaya yenyewe. Fani hiyo, jamani, si mchezo.

Ugomvi wangu uko kwa mchoraji. Kitabu kilitoka 1968, na inafahamika kwamba Nansen ameumbwa kwa mfano wa Emil Nolde. Basi tumtazame Nolde na nchi yake.

Schleswig ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark mpaka vita vya 1864, Prussia na Austria zilipoinyakua. Mwaka 1867, ilipofanywa mkoa wa Prussia, ndipo Emil Hansen alipozaliwa katika kijiji cha Nolde karibu na mji wa Tønder. Jina la kijiji akaja kulifanya lake. Mwaka 1920 wananchi wakaulizwa kwa kura: Denmark au Ujerumani? Kura za ukanda wa kaskazini zilihesabiwa kwa jumla, si mji kwa mji, na asilimia 75 hivi wakataka Denmark. Lakini Tønder mjini, sawa na Aabenraa na Sønderborg, wengi walitaka Ujerumani, wakajikuta Denmark na kura zao mkononi. Flensburg, kusini zaidi, ilichagua Ujerumani ikabaki huko. Hivi hapo si ndipo penye riwaya? Nolde akapata uraia wa Denmark, akafa nao 1956, huku nyumba yake ya Seebüll ameijenga upande wa Ujerumani, hatua chache tu toka mpakani.

Mtu mwenye karatasi za nchi moja na moyo wa nyingine aghalabu hupiga kelele kuliko wenyeji. Mwaka 1933 Nolde alimchongea mchoraji mwenzake, Max Pechstein, kwamba ni Myahudi, na wala hakuwa. Mwaka 1934 akajiunga na chama cha Kinazi cha Wajerumani wa upande wa Denmark. Wanazi hawakumlipa wema: walitwaa kazi zake zaidi ya 1,000 kutoka makumbusho, mwaka 1937 wakazitundika baadhi mjini Munich ili zichekwe, na 1941 wakamzuia kuuza na kuonyesha. Aliteswa, ndiyo. Ila aliyeteswa ndiye yuleyule aliyechongea.

Lenz kayachukua mateso, ukaidi na bahari. Uchongezi kauacha palepale. Mwaka 2019 maonyesho ya Berlin yalipouanika Unazi wa Nolde, Angela Merkel alikubali picha mbili za Nolde ziondoke ofisini kwake zisirudi.

Mtaniambia riwaya si historia, mtunzi ana hiari yake. Sawa, na mimi nayeota kuandika riwaya naitaka hiari hiyohiyo. Lakini tazama ilivyomfanyia Lenz: polisi anatutisha kwa kuwa tunamwelewa, mchoraji tunampenda tu. Tena Lenz hakuwa mgeni wa mambo haya. Alizaliwa 1926 Lyck, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Ełk, na katika Heimatmuseum ya 1978 aliandika habari za kwao huko.

Ukurasa ninaoutafuta katika Deutschstunde na siuoni ni huu: Siggi, picha ya Nansen ameificha ndani ya shati, anaiokota barua ya Nansen ya kumchongea mwenzake. Je, ile picha angeendelea kuificha?