Kidirisha cha Milimita 18

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeondoka Tabora kwenda pwani na pembe ya ndovu begani alibeba karibu frasila mbili, kilo 30 na ushei, na hapo hujahesabu mkeka wake, chungu na posho ya njiani. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walishika njia hiyo kutoka upande wa pili: walianza pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh, Tabora ya leo, mwezi Novemba. Vitabu vya misafara vimejaa hongo, vita na bei ya shanga. Habari za kiuno cha mpagazi humo ni za kuokota. Mwaka 1912 reli ikafika na mizigo mikubwa ikapanda behewa, lakini mgongo haukupewa likizo. Tumbaku inabebwa hadi leo, mkaa unasukumwa kwa baiskeli, ndoo ziko kichwani.

Sisemi mzigo ndio mkosaji pekee. Diski huchakaa hata kwa karani asiyeinua kitu kizito kuliko faili, na urithi wa damu nao una mkono wake. Diski ikitokeza nyuma, kano ya njano ikinenepa na viungo vya pingili vikivimba kwa uzee, njia ya neva hupungua. Ndipo unapomwona mzee asiyeweza kutoka stesheni hadi sokoni bila kusimama na kuinama mara kadhaa, miguu inachoma na kufa ganzi. Mpe baiskeli, atafika Kwihara, nje ya mji, bila shida. Majirani wanasema anajidekeza. Hajidekezi. Akiinama mbele juu ya usukani, mfereji wa uti wa mgongo unapanuka kidogo na neva zinapata nafasi.

Kidogo hicho ndicho anachokitafuta mpasuaji.

Mgonjwa akishapewa nusu kaputi hulazwa kifudifudi, tumbo likining'inia huru, kwa sababu tumbo likibanwa mishipa ya damu iliyo kandokando ya neva hufura na damu huziba macho ya fundi. Sindano huchomwa, eksirei hupigwa, pingili huhesabiwa, kisha huhesabiwa tena. Kufungua pingili isiyo yenyewe ni aibu ambayo hakuna ustadi wa mikono unaoweza kuifuta. Ngozi hukatwa sentimita mbili tu, pembeni kidogo ya katikati. Bomba jembamba huingizwa, juu yake jingine pana zaidi, na jingine, mpaka libaki la mwisho lenye upana wa milimita 18 hivi. Nyuzi za msuli zimesukumwa kando bila kukatwa, na bomba likitolewa zitarudiana zenyewe.

Kuanzia hapo kazi yote hupita kwenye kidirisha hicho, chini ya hadubini. Dreli hupunguza mfupa taratibu. Kisha huingia koleo lenye mdomo wa milimita mbili au tatu, ambalo wayo wake hutelezeshwa chini ya mfupa na kano ya njano. Kabla ya kila ng'ato mkono hutulia: je, utando unaofunika neva umenaswa? Ukichanika, maji ya uti huvuja, na kushona ndani ya bomba ni mtihani. Basi hung'atwa punje, hutolewa, hupanguswa, hung'atwa nyingine. Upande mmoja ukiisha, bomba huinamishwa na fundi hupita chini ya mwiba wa pingili kwenda kulegeza upande wa pili, bila kufungua jeraha jingine. Neva iliyokuwa imelala bapa huanza kujaa na kupwita.

Ninachokistahi zaidi ni kile kinachoachwa. Kiungo cha pingili kikiliwa kupita kiasi mgongo hulegea, na mgongo uliolegea huhitaji skrubu, ambazo kwa familia ya mkulima ni ng'ombe kadhaa. Mrina asali wa Tabora anayejua kazi hukata sega lililoiva na kuacha la watoto. Mpasuaji naye hupimwa hapo.

Ufundi huu una umri. Wapasuaji Yaşargil na Caspar waliandika mwaka 1977 juu ya kutoa diski kwa hadubini. Wenzao Foley na Smith wakaleta bomba mwaka 1997. Haki isemwe: utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2009 ulilinganisha bomba na upasuaji wa hadubini wa kawaida kwa wagonjwa wa diski, na bomba halikushinda. Kwa hiyo anayekusifia udogo wa kovu anakusifia kitu kidogo kweli. Jijini Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa 1996, imefundishana upasuaji wa ubongo na mgongo na Chuo cha Weill Cornell cha New York, chini ya Profesa Roger Härtl, kwa zaidi ya miaka kumi. Safari ya kutoka Tabora hadi huko inazidi kilomita 800, na kwa mtu mwenye kiuno kibovu kila tuta la barabarani lina jina lake.

Wengi hawahitaji kuifunga safari hiyo. Maumivu mengi ya diski hutulia yenyewe ndani ya wiki sita hadi 12, kwa dawa na mazoezi, na fundi anayemrudisha mgonjwa nyumbani bila kisu naye amefanya kazi. Anzia Kitete, hospitali ya mkoa wa Tabora, au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Lakini ukianza kushindwa kuzuia haja au mkojo kukataa kutoka, ukafa ganzi sehemu za siri, au miguu ikaishiwa nguvu ghafla, usingoje wiki sita wala kwenda kuchuliwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.