Televisheni ya Umma, Picha za Nani?

Kuna mzee mmoja hanitoki kichwani. Amesimama mahakamani Sumner, jimbo la Mississippi, Septemba 1955, amenyoosha mkono kuwaelekeza wazungu wawili waliokuja usiku nyumbani kwake kumchukua kijana wa miaka 14, Emmett Till, wakaenda kumwua. Mzee huyo ni Mose Wright. Mtu mweusi kumnyooshea mzungu kidole mbele ya hakimu, Mississippi ya siku zile, si mchezo. Watuhumiwa waliachiwa huru. Mzee akahama jimbo. Baadaye wauaji wakalipwa fedha ili wasimulie jaridani jinsi walivyoua. Shikeni hapo penye kulipwa, nitaparudia.

Nilimwona mzee huyo katika Eyes on the Prize, mfululizo wa filamu za kweli uliotengenezwa na Henry Hampton na kampuni yake ya Blackside ya Boston. PBS, yaani mtandao wa vituo vya televisheni ya umma vya Marekani, ilianza kuuonyesha Januari 1987: sehemu 6, kutoka 1954 hadi 1965. Mwaka 1990 zikaja sehemu nyingine 8, zikafika miaka ya 1980. Jumla saa 14. Sisi tulizitazama watano, tumebanana kitandani kwa rafiki yangu, kompyuta ya kuazima imewekwa juu ya ndoo. Umeme ulikatika mara mbili. Hakuna aliyeondoka.

Kilichotushika ni nini? Nadhani ni sharti la Hampton. Yeye mwenyewe aliandamana Selma mwaka 1965, na katika kazi yake alitaka anayeongea awe mtu aliyekuwapo. Hakuna profesa wa kukueleza maana ya kila kitu. Anaongea aliyepigwa. Hata sherifu Jim Clark wa Selma, aliyekuwa upande wa marungu, anapewa nafasi aseme lake, na kwa kweli anajianika mwenyewe. Msimulizi ni Julian Bond. Naye alikuwa mmoja wa vijana wa harakati zile, lakini hasemi "mimi". Sauti yake imetulia kama ya mtu aliyeteuliwa na ukoo kusoma historia ya marehemu, machozi ameyaacha nyumbani.

Katika sehemu ya tano anatokea Bob Moses, kijana mpole wa miwani aliyekwenda Mississippi kuandikisha watu weusi kupiga kura. Nikawaambia wenzangu, huyu baadaye alikuja kufundisha hesabu Same. Mmoja wetu, mwenyeji wa Upareni, akashtuka: "Same ipi, hii yetu?" Hii hii. Alikaa Tanzania mpaka 1976. Tangu hapo filamu ile ikaacha kuwa ya watu wa mbali.

Lakini mhakiki akisifu tu atakuwa mpiga debe. Sharti la "aliyekuwapo" lina mtego wake. Katika sehemu ya kwanza jamaa mmoja wa Till anasimulia yaliyotokea nje ya duka, kana kwamba aliyaona. Miaka baadaye ndugu waliokuwapo siku ile walisema hakuwapo. Binadamu husahau, na mwingine hujiongezea. Sasa ukimwondoa profesa, nani atamsahihisha shahidi? Jibu langu: mtazamaji. Atasahihisha kwa kutazama tena, kulinganisha, kubishana. Ila ili utazame tena, lazima filamu iwepo.

Na hapo ndipo jambo lilipoharibikia. Filamu imejengwa kwa picha za zamani za habari, picha za mnato na nyimbo. Kila kimoja kina mwenye mali, na kila mwenye mali hudai chake. Blackside haikuwa na fedha za kununua haki za kudumu. Ilikodi kwa muda. Katikati ya miaka ya 1990 muda ukaanza kwisha. Basi! Kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya umma, ikaonyeshwa na televisheni ya umma, haikuruhusiwa tena kurushwa wala kuuzwa upya. Shule zikabaki na kanda za VHS zilizochakaa. Hampton akafariki 1998, kazi yake iko kifungoni. Mwaka 2005 wanaharakati fulani wakahimiza watu wainakili na kuionyesha majumbani bila ruhusa. Ilichukua zaidi ya dola 800,000 za wafadhili kulipia upya hizo haki, na sehemu 6 za kwanza zikarudi hewani 2006.

Hebu tulitafakari hili. Tarehe 7 Machi 1965 waandamanaji walipigwa kwenye daraja la Edmund Pettus, Selma. Usiku ule kituo cha ABC kilikatiza filamu juu ya kesi ya Wanazi, Judgment at Nuremberg, kikarusha picha za daraja. Nchi ikatikisika, na Agosti mwaka ule ule ikapatikana Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. John Lewis alivunjwa fuvu pale. Fuvu lilikuwa lake, damu ilikuwa yake, lakini picha ya damu ile ni mali ya aliyeshika kamera, na umma ukitaka kuiona tena sharti ulipe kodi, kama ya chumba. Wauaji wa Till walilipwa kwa hadithi yao. Mose Wright alinyoosha mkono bure.

Najua nitakavyojibiwa. Mpiga picha naye alihatarisha maisha, ana watoto, ale nini? Ni kweli. Nami ninayeandika hapa ningependa nilipwe siku moja, jamani. Sisemi picha ziwe za bure. Nasema chombo kinachojiita cha umma kikinunua kumbukumbu ya umma, kinunue moja kwa moja, si kwa miaka michache, hata kama italazimu kutengeneza sehemu 4 badala ya 6. Tena inunue mapema, kwa sababu fedha za umma zenyewe hazina uhakika: mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa redio na televisheni za umma. Ikitokea leseni inakwisha mwaka kama huo, utamlilia nani?

Msije mkadhani nawacheka Wamarekani. Wakati fulani nilikwenda kwenye ofisi moja ya utangazaji hapa nyumbani kuulizia mchezo wa kuigiza uliowahi kurushwa, juu ya wanakijiji waliohamishwa kwenye ardhi yao. Nilikuwa nataka kuuhakiki kwa ajili ya gazeti hili. Bwana mmoja, mwungwana kabisa, akaingia stoo, akarudi anapangusa vumbi. "Mdogo wangu, kanda ile ilifutwa. Tulirekodia mpira." Nikamwuliza timu gani. Hakukumbuka.

Wenzetu walifungiwa filamu, ikatafutwa fedha, ikafunguliwa. Kanda iliyofutwa haina cha kulipia. Ndiyo maana naona uhakiki wetu usiishie kuuliza kama mchezo ni mzuri. Tuulize pia kanda iko wapi na nani ana ufunguo. Nimeshaanza kuwatafuta walioigiza katika mchezo ule. Nimempata mmoja, mama mtu mzima, anakumbuka maneno yake karibu yote. Mwenye kumjua mwingine aniandikie kupitia gazeti hili.