Namna ya Kutambua Modeli Nzuri ya Tabianchi

Ukioneshwa ramani ya rangirangi iliyotolewa na modeli ya tabianchi, usiisifu bado. Omba kwanza mvua ya mwezi mmoja mmoja kwa eneo unalolijua. Kwa Afrika Mashariki jaribio hili ni kali: modeli nyingi hupunguza mvua za masika na kuzidisha za vuli, kisha ukijumlisha mwaka mzima unakuta hesabu imekaribiana na ile ya vituo vya kupimia mvua. Makosa mawili yamefichana. Mkulima hapandi kwa jumla ya mwaka, na inaniuma kuona mipango ya mbegu na mabwawa ikiegemezwa kwenye wastani wa namna hiyo. Kupunguza ukubwa wa miraba ambayo modeli huigawia dunia husaidia, maana katika mraba wa kilomita 100 Kilimanjaro yenye mita 5,895 husawazishwa ikabaki mwinuko tu. Lakini kanuni mbovu haiponi kwa miraba midogo.

Kwenye kemia ya angahewa, tafuta kilichoachwa nje. Mwaka 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza kwamba ozoni juu ya kituo cha Halley, Antaktika, ilikuwa ikipungua mno kila majira ya kuchipua ya huko. Modeli za wakati ule zilikuwa na klorini na ozoni, na hesabu zake zilikuwa safi, lakini hazikuwa zimeonya juu ya upungufu mkubwa kiasi hicho. Zilihesabu gesi ikikutana na gesi. Hazikuwa na mawingu ya stratosfia: juu ya chembe za mawingu hayo klorini iliyotulia hubadilika ikawa kali, na jua likirudi baada ya usiku mrefu wa ncha ya kusini, inaanza kuila ozoni. Susan Solomon na wenzake walipendekeza maelezo hayo mwaka 1986. Kwa hiyo uliza kama modeli yako inahesabu pia mimenyuko ya juu ya chembe.

Uliza vilevile methani hudumu angani miaka mingapi ndani yake. Jibu zuri ni karibu miaka 9. Inayoiondoa hasa ni haidroksili, inayoishi takriban sekunde moja tu na kuzaliwa kwa wingi kwenye jua na unyevu wa tropiki. Ukikosea mvuke, ozoni au mwanga, namba hiyo itakuumbua.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la utabiri uliotolewa kabla ya jibu. Volkano ya Pinatubo huko Ufilipino ililipuka Juni 1991. Mapema 1992 kundi la James Hansen wa NASA lilichapisha kwamba dunia ingepoa kama nusu digrii, na ikapoa hivyo. Hata hapo usiridhike na namba; uliza kama modeli imeifikia kwa sababu sahihi. Mwaka 2002 Brian Soden na wenzake walionesha kwamba baada ya mlipuko anga la juu lilikauka pia, na kwamba modeli iliyozimiwa mchango wa mvuke ilitoa ubaridi pungufu kuliko uliopimwa.